Kura Iliyotoka Vilevile

Mwaka ule nilikuwa nimeshachoka kuhama, lakini nilihama tena. Nilitoka Garissa na begi moja la nguo na laptopu yenye ufa kwenye kioo. Nikakaa Wajir siku nne kwa binamu yangu, kisha nikapanda pikapu iliyobeba unga hadi kijiji kimoja mbele ya Eldas. Nilikuwa nimeambiwa kuna kazi ya kuendesha injini ya kisima. Aliyekuwa akiifanya kabla yangu aliondoka bila kuaga mtu, na haikunichukua wiki kuelewa kwa nini. Kiangazi kilikuwa kimeunganika na kiangazi, na anayewasha injini ya maji ndiye anayelaumiwa kwa kila kitu, hata kwa jua.

Nimefanya kazi nyingi tangu nimalize kidato cha nne. Nimepakia mbuzi kwenye malori. Nimeuza kadi za simu Isiolo. Nimelinda duka la kompyuta Wajir, na ni pale nilipojifunza kuandika programu, bila mwalimu na bila cheti. Mchana wateja walikuwa wachache, na mwenye duka, mtu mpole aliyependa kujinyoosha baada ya swala ya adhuhuri, aliniachia mashine moja na kitabu cha fotokopi kilichopoteza jalada. Lugha iliyofundishwa humo ni Java. Sikuielewa yote, na hadi leo siielewi yote.

Kilichonivutia ni kwamba lugha ile ilikuja na vitu vyake tayari. Ukitaka kujua saa, huhitaji kuunda saa. Unaita System nayo inakuambia. Ukitaka kuyapanga au kuyachanganya majina, kuna Collections. Ukitaka kubahatisha, kuna Random. Vitu hivyo huitwa klasi, na kuna mtu mahali fulani, nisiyemjua wala yeye hanijui, aliyekwisha kuzitengeneza akaziacha pale zitumike. Ni kama kuingia jikoni kwa watu ukakuta sufuria, mwiko na jiko la makaa, ukaanza kupika. Kwa mtu kama mimi, ambaye maisha yangu mengi nimelala kwenye nyumba za wengine, mpango huo ulinifaa. Nilikuwa nikiandika mistari kumi, kumbe kazi yenyewe inafanywa na klasi ambazo sijawahi kuziona ndani.

Pale kijijini laptopu niliitumia kutazama mpira, nikiichaji kwa paneli ya sola iliyokuwa juu ya banda la injini. Sikufikiri kwamba itakuja kuingia kwenye mambo ya maji.

Inafaa niseme jinsi maji yalivyogawanywa. Watu na mbuzi walikuwa na mabomba yao upande wa kijiji, kila siku. Ngamia walikuwa na birika refu la saruji chini ya tangi, nao waliletwa kila baada ya siku nane. Familia kumi na moja zilifika alfajiri moja, na birika lile halitoshi mifugo ya familia mbili kwa wakati mmoja. Wafugaji wetu katika hali hiyo hawaangalii nani alitangulia kufika. Hupiga kura. Kila familia huvunja kijiti na kukitia alama yake: mmoja anakiuma kwa meno, mwingine anakimenya gamba, mwingine anakifunga uzi. Vijiti vyote huwekwa ndani ya shuka ya mtu asiye na mfugo pale, naye huvitoa kimoja kimoja bila kutazama. Kinachotoka kwanza, wenyewe wananywesha kwanza. Tunaita qori tuur, yaani kutupa vijiti. Kura ikishatoka, mtu hanung'uniki. Kunung'unikia kura ni kumnung'unikia aliyeitoa, na aliyeitoa si yule mwenye shuka.

Lakini kiangazi kikizidi, hata desturi huchoka. Mwenye shuka alikuwa muuza duka wa pale, mtu mzima mwenye heshima zake. Asubuhi moja mfugaji mmoja akadai kwamba muuza duka hupapasa vijiti mle ndani, akigusa gamba lililomenywa anajua ni cha nani. Fimbo zikainuliwa. Mtu alipasuliwa juu ya jicho. Muuza duka akaikung'uta shuka yake mbele ya watu wote, akaitupa begani, akasema kuanzia leo wamtafute mjinga mwingine.

Siku mbili baadaye mwenyekiti wa kamati ya maji alikuja kwenye banda langu. Tulizungumza Kisomali, kama tulivyozungumza wote pale. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandikia.

"Abti," aliniambia, yaani mjomba, neno ambalo kwetu mjomba naye humwita mpwa wake, ingawa hakuwa na undugu wowote na mama yangu, "hiyo mashine yako ina kazi gani nyingine zaidi ya mpira?"

"Inaandika. Inapiga hesabu."

"Inaweza kutupa vijiti?"

Nikafikiri kidogo. "Inaweza."

"Bila vidole?"

"Bila vidole."

"Basi," akasema, "iache timu yako ifungwe peke yake leo, utusaidie."

Niliandika programu ile alasiri moja. Niliingiza familia kumi na moja kwa jinsi zinavyojulikana pale, nikafungua kitabu changu kwenye mfano wa kuchanganya karata, nikaunakili mstari kwa mstari, nikabadilisha karata kuwa familia. Collections ndiyo iliyochanganya, Random ndiyo iliyobahatisha, na System ndiyo iliyoandika matokeo kwenye kioo. Kwenye kitabu, pale Random ilipoitwa, palikuwa na namba saba ndani ya mabano. Nami nikaandika saba. Nilijaribu programu kabla ya kuifunga: ikachanganya mara tatu, kila mara orodha tofauti. Nikaridhika. Nilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko na nilitaka kuoga.

Kura ya kwanza ilikuwa sherehe ndogo. Wanaume walizunguka laptopu kana kwamba ni ndama aliyezaliwa na miguu mitano. Nilibonyeza kitufe, nikasoma. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye ngamia wengi na maneno mengi, ambaye hata kwenye msiba angepata la kuchekesha.

"Haya," akasema, "vidole vya watu vilinikataa miaka yote. Kumbe nilikuwa nangoja chuma."

"Chuma hakijakujua vizuri," mtu akamjibu. "Kikikujua utarudi nyuma."

Wa mwisho alikuwa mama mmoja mzee. Kwake wanaume walikuwa wamekwisha, kwa kifo na kwa safari, akawa anawaleta ngamia mwenyewe. Alikuwa amebakiwa na wanne. Mmoja alikuwa na ndama anayenyonya, na maziwa yanayobaki baada ya ndama ndiyo yaliyokuwa chakula cha wajukuu zake watatu, ambao mama yao alikuwa amekwenda Garissa kutafuta kazi. Aliposikia amekuwa wa kumi na moja alisema alhamdulillahi, akawarudisha ngamia wake kando, akajibanza kwenye kivuli cha mmoja wao.

Kuwa wa mwisho pale si kungoja tu. Kufika alasiri maji ya kisima yalikuwa yameshuka, pampu inavuta hewa, na injini inachemka hadi inabidi niizime. Wa mwisho walipata kilichobaki birikani, maji ya moto yenye matope na mate ya ngamia mia mbili. Mara nyingine kilichobaki hakikufika hata magotini mwa ndama. Ndiyo maana watu walikuwa wakipasuana vichwa.

Baada ya siku ile ya kwanza nilimfundisha mwenyekiti kitufe cha kubonyeza, nami nikarudi kwa injini yangu, ambayo alfajiri ilihitaji kubembelezwa kuliko mgonjwa. Yeye aliifungua programu, akabonyeza, akaandika kwenye daftari, akaifunga ili kutunza betri. Mara ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Hakuna fimbo iliyoinuliwa tena. Watu walinywesha na kuondoka. Nilikuwa mchovu kiasi kwamba nilikichukua kimya kile kama malipo yangu, sikuuliza kimetoka wapi.

Siku moja kabla ya mara ya sita, yapata saa nne asubuhi, mama yule alikuja bandani. Nilikuwa nimelala chali chini ya injini. Alisimama mlangoni hadi nilipotoka.

"Eddo," akasema. Eddo ni shangazi, na kwetu shangazi humwita mtoto wa kaka yake kwa neno hilohilo, hivyo tukawa tunaitana eddo, yeye na mimi. "Nina ombi dogo."

"Sema, eddo."

"Kesho niruhusu nije alasiri."

"Kura ni alfajiri."

"Najua ni alfajiri. Lakini mimi nitakuwa wa mwisho, na ngamia wangu wanasimama juani kutwa bure. Huyu mwenye ndama amekondeana. Maziwa yamebaki kikombe kisichojaa. Akisimama kesho kutwa nzima yatakatika."

"Nani amekuambia utakuwa wa mwisho?"

Alinitazama kama mtu anayetaniwa siku ambayo hana hamu ya utani. "Mimi ni wa mwisho kila mara. Mashine si yako?"

"Kila mara?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Wa kwanza fulani, wa pili fulani, hadi akafika kwake mwenyewe, bila kukwama, kama anayesoma ukoo wa baba yake. Nilifuta mikono, nikafungua laptopu, nikabonyeza. Ilikuwa orodha ileile aliyoitaja. Nikaifunga programu, nikaifungua tena, nikabonyeza. Ileile. Yeye hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea. Aliitikia kwa kichwa kila jina, na mwisho akasema, "Si nilikuambia."

Niliikumbuka namba saba papo hapo, na aya ya kitabu iliyoieleza, ambayo niliisoma Wajir nikiwa nasinzia. Random haibahatishi kutoka hewani. Huanza na namba, na kutoka namba hiyo hukokotoa nyingine. Usipoipa namba, hujitafutia yake kutoka kwenye saa ya mashine, na kila ukiifungua inakuja na jambo jipya. Ukiipa namba yako, kila inapoanza itafuata njia ileile, hatua kwa hatua. Kitabu kiliweka saba makusudi ili majibu ya mwanafunzi yafanane na majibu ya kitabuni. Nilipoijaribu sikuiona hali hiyo kwa sababu nilichanganya mara tatu bila kuifunga. Mwenyekiti alikuwa akiifunga kila mara. Lugha haikukosea. Ilifanya nilivyoiambia, mara tano, na kila mara ikamweka mama huyu mwisho.

Nilipaswa kumwambia wakati ule ule. Nilimwambia tu, "Kesho njoo alfajiri."

"Eddo, nimekuomba…"

"Njoo alfajiri, tafadhali."

Akaenda akiburuza kandambili zake, bila kuniaga.

Nilimkuta mwenyekiti akinywa chai nje ya duka. Nilimweleza. Aliendelea kukoroga sukari ambayo ilishayeyuka.

"Mliona?" nikamuuliza.

"Kila mtu aliona, abti. Kufika kura ya tatu tulikuwa tunajua."

"Na hamkuniambia."

"Tukuambie nini? Wengine walisema ndivyo mashine inavyofanya, inachagua mara moja basi. Wengine walisema umeipanga wewe. Mimi nikasema, awe ameipanga au hajaipanga, watu wametulia. Wewe ulikuwapo jamaa alipopasuliwa jicho?"

"Nilikuwapo."

"Basi."

"Na yule mama?"

"Hakulalamika."

"Hakulalamika kwa sababu alidhani ni kura."

"Na kazi ya kura ni nini?" akasema, si kwa ukali. Alikuwa amechoka kama mimi. "Mvua inakaribia. Ikinyesha watatawanyika, utaitoa hiyo namba yako bila mtu kujua. Usinifungulie zizi leo."

Nilirudi bandani nikaifuta saba. Kufuta kwenyewe ni kugusa kitufe mara moja. Nikafungua na kufunga programu hadi betri ikalalamika, na kila mara orodha ilikuja nyingine. Kisha nikakaa kwenye pipa la mafuta nikifikiri kuondoka. Ndilo jambo ninalolijua vizuri. Kulikuwa na lori la mifugo linaloshuka Wajir saa tisa. Nililisikia likipiga honi, nikalisikia likiondoka. Sikubaki kwa ushujaa. Nilikuwa nimechoka hata kukunja nguo.

Asubuhi nilisimama karibu na mwenyekiti alipobonyeza. Alisoma jina la kwanza, akanitazama, akaendelea kwa sauti ya chini. Bwana mwenye maneno mengi alikuwa wa nane. Mama alikuwa wa nne.

"Imeharibika hiyo," yule bwana akasema. "Bonyeza tena."

"Bonyeza tena," wakasema wengine wawili, wale waliokuwa wa pili na wa tatu siku zote.

Mwenyekiti aliweka kidole juu ya kitufe. Nilijua akibonyeza mara moja, atabonyeza ishirini, na mwisho watarudi kwenye daftari na orodha ya zamani.

"Haijaharibika," nikasema. "Ilikuwa imeharibika zile mara tano."

Nilieleza nilivyoweza. Kwamba niliweka namba ndani nikiinakili kitabuni bila kuielewa, kwamba namba hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwapanga, kwamba kura ilikuwa moja tu, ile ya kwanza, na nyingine zote zilikuwa marudio yake.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeniweka wa kwanza," bwana yule akasema.

"Sikukuweka. Sikujua."

"Mtu anaandika kitu asijue ameandika nini?"

"Ndiyo."

Alikuwa na jibu la kuchekesha mdomoni, nililiona, lakini alilimeza.

Mama alikuwa amesogea mbele, kamba ya ngamia mkononi. "Zile mara tano," akaniuliza, "haikuwa Mungu?"

"Kila kitu ni Mungu, mama," muuza duka akasema kutoka nyuma.

"Wewe ulitupa shuka ukaenda zako, usinifundishe. Namuuliza yeye. Namba nani aliiweka?"

"Mimi, eddo."

"Mara tano," akasema, "nimesema alhamdulillahi kwa namba yako."

Hakupaza sauti. Akamgeukia mwenyekiti. "Na wewe ulikuwa unajua. Nyote mlikuwa mnajua, mkaniangalia nakaa pale." Mwenyekiti alikuwa akilitazama daftari kana kwamba limeandikwa kwa lugha ngeni.

Kisha mama alifanya jambo ambalo sijawahi kuliona kisimani kabla wala baada ya siku ile. Hakungoja nafasi yake ya nne. Aliivuta kamba, akawapitisha ngamia wake wanne katikati ya watu, na ndama nyuma yao, hadi kwenye birika.

"Leo mimi si wa kura," akasema. "Tupeni ninyi kumi."

Bwana mwenye ngamia wengi alikuwa amesimama njiani, mikono yote miwili juu ya fimbo aliyoilaza mabegani. Nilimwona mwenyekiti akihesabu fimbo zilizokuwapo. Halafu yule bwana akasogea hatua tatu upande, akamwondoa pia ngamia wake aliyekuwa mbele kwa kumpiga kofi ubavuni.

"Mpisheni," akasema. "Na wewe wa injini, unangoja nini?"

Nilikimbia kuwasha. Siku ile injini ilikubali mara ya kwanza. Maji yalikuja safi na baridi, na ngamia mwenye ndama aliinamisha shingo akanywa bila kuinua kichwa kwa muda mrefu hivi kwamba niliogopa. Alipoinua, maji yalikuwa bado yamejaa birikani, naye akasimama tu akiyatazama.

Zile familia kumi zilizobaki zilipigiwa kura upya, mbele ya macho ya wote, programu ikifunguliwa na kufungwa mara mbili kwanza ili waone inavyobadilika. Kulikuwa na ugomvi. Si mkubwa, lakini ulikuwapo, na mwenyekiti hakunisemesha hadi jioni. Kura zilizofuata mama aliingia pamoja na wengine, akatoka wa sita, kisha wa pili. Mimi hakuniita eddo tena. Aliniita wewe wa injini, kama yule bwana alivyoniita, na nilijua hakuwa akinitania.

Nilibaki hadi mvua za kwanza, muda mrefu kuliko nilivyozoea kukaa mahali. Maziwa hayakurudi upesi. Nilisikia kwa watu kwamba wajukuu walikuwa wakinywa chai ya rangi, kisha nikasikia ndama amesimama vizuri. Asubuhi moja mama alipita mbele ya banda akielekea kwake, na mtungi mdogo wa plastiki mkononi, ule wa kukamulia. Hakugeuka. Lakini alikuwa ameinamia upande mmoja kidogo, na mkono ulioshika mtungi ulikuwa umenyooka kwa uzito.